Jinsia ya Marehemu

Karani Mellen aligeuza kioo cha kompyuta ili nami nione, akaweka kidole pale penye shida. Palikuwa na jina la Rodah Chepyegon, umri wake, kijiji chetu, na chini ya jinsia pameandikwa mwanamume.

"Mama, huyu ni mwanamume?"

"Ni bwana yangu," nikasema.

Akakichukua tena kitambulisho cha marehemu, akaitazama ile picha ya bibi mwenye kitambaa kichwani, kisha akanitazama mimi. Jasho lilinitoka kwapani, na asubuhi yenyewe ilikuwa ya ile baridi yetu ya kwenye majani chai.

Si rahisi kumweleza mtu mambo ya nyumba yenu huku foleni inakupumulia kisogoni. Rodah alifiwa na mume kabla hajapata mtoto. Kwetu Wakipsigis mwanamke wa namna hiyo anaweza kutoa ng'ombe na kuoa mke, na watoto wa huyo mke wakawa wa nyumba yake. Akishaoa, anahesabiwa mwanamume. Mke huyo ni mimi. Alinitoa kwetu Siongiroi kwenye jua na vumbi, akanileta huku juu, na watoto wangu watatu wanatumia jina la marehemu mume wake. Kumwita Rodah mama baada ya hapo kulikuwa ni kumtukana. Kuna muuza sukuma wiki aliyejisahau akamwita hivyo, akafukuzwa na fimbo mpaka barabarani, na sukuma wiki zake zikabaki kwetu.

Alifia nyumbani, kitandani mwake. Naibu wa chifu, mzee Kipkurui, ndiye aliyekuja kuandikisha kifo tupate kibali cha kuzika. Alinihoji mimi kama mleta habari, akaandika kwamba mimi ni mke. Alipofika penye jinsia hakuniuliza hata. Aliandika mwanamume kwa heshima zote, akakunja karatasi zake akaenda, na jinsi alivyoandika ndivyo ilivyoingia kwenye kompyuta ya Mellen.

Sasa nilihitaji cheti cha kifo, na nilikihitaji siku hiyo hiyo. Kesho yake tulikuwa na kesi kortini. Kipruto, mtoto wa ndugu yake mume wa Rodah, alikuwa amesema Rodah alikufa bila mke wala mtoto, kwamba mimi nilikuwa msichana wa kazi tu, na kwa hiyo shamba la chai na nyumba tunayolala ni vyake. Wakili wangu alinionya kwamba nikifika bila cheti, nisishangae nikirudi nyumbani kufunga virago.

Kipruto mwenyewe alikuwa ameketi kwenye benchi nyuma yangu. Naye alikuja kutafuta cheti kile kile. Zamani aliniita mama mdogo, kwa adabu, huku akila ugali wangu. Tangu tuzike, ananiita Nelvine. Kikulacho ki nguoni mwako.

"Sasa sikiza, mama," Mellen akasema, na sauti yake haikuwa mbaya. "Nikiprinti hivi, korti itasema huyu ni mtu mwingine. Nikibadilisha niweke mwanamke, hapa chini umeandikwa wewe ni mke wake. Mke wa mwanamke? Wakubwa wangu wataniuliza nimekunywa nini." Akafikiri. "Wacha tuweke binti. Unasaini hapa, unaenda na cheti yako saa hii."

"Weka binti tu, Nelvine," Kipruto akasema kutoka benchini, pole pole. "Ni kitu kidogo."

Utamu wa sauti yake ndio ulionitia hofu. Kipruto hajawahi kunitakia kitu chema bila kujitakia yeye kwanza. Nikisaini binti, kesho ataniuliza mbele ya hakimu baba yangu ni nani, na baba yangu yuko hai, anauza mbuzi Siongiroi. Nitakuwa nimejitoa nyumbani kwa mkono wangu mwenyewe. Hata hivyo, nikubali ukweli, kalamu nilikuwa nimeishika. Mwenye kiu akiletewa maji machafu huyatazama mara mbili. Niliogopa kusaini, na niliogopa zaidi kurudi mikono mitupu.

Nikairudisha kalamu mezani. Mellen akapumua kwa nguvu, akampigia simu mzee Kipkurui.

Mzee alifika kwa pikipiki, koti la mvua limemfika magotini. Nilifurahi kumwona, nikajiambia sasa yamekwisha.

"Chamgei," akatusalimu. Alipoelezwa shida akakunja uso. "Mimi niliandika sawa. Mwenye kuoa ni nani? Si ni mwanamume? Nilikula nyama ya hiyo harusi."

"Chifu, ni kusema tu ulikosea," Mellen akamwambia.

"Nikosee wapi? Mzee wa watu amelala, hawezi kujitetea, na unataka nimwite mwanamke? Hiyo mimi siwezi."

Kipruto akacheka. Mimi nilitamani kulia. Kati ya watu wote wa kunizibia njia, amekuwa yule mmoja aliyemheshimu Rodah!

Mellen alitazama saa ya ukutani, akatazama foleni. "Kama chifu amekataa, basi aliyeleta habari ya kifo aseme mwenyewe. Mama, ni wewe. Marehemu alikuwa nani?"

Nilijua Rodah angenijibu nini. Nilimwona kabisa, na fimbo yake.

"Alikuwa mwanamke," nikasema. "Alizaliwa mwanamke, na alinioa. Andika yote mawili."

Mzee Kipkurui aliinamisha kichwa kama aliyepigwa kofi. Mellen akabonyeza, akabadilisha.

"Hiyo ya mke nayo," akasema, "nahitaji mtu wa ukoo wa marehemu athibitishe. Siwezi peke yangu."

Mtu wa ukoo aliyekuwapo alikuwa mmoja tu, na alikuwa amekwisha simama.

"Hakukuwa na harusi," Kipruto akasema. "Huyu aliandikwa kazi ya kupika na kuchuma majani. Mnampa heshima ya bure."

"Hakukuwa na harusi?" Mzee Kipkurui alimgeukia. Hasira iliyokosa pa kwenda ilikuwa imepata. "Na hizo ng'ombe ziliteremshwa Siongiroi zilienda kutembea? Mimi nilisimama kwa lango nikaziona zikitoka. Ile nyekundu ya pembe moja ikiwa mbele!"

"Nyekundu?" Kipruto akaruka. "Ile ya pembe moja ilikuwa ya kijivu! Nyekundu ilikuwa ndama yake, ilifuata nyuma. Si ni mimi nilizipeleka? Ilinitoroka hapo mtoni nikaikimbiza mpaka nikapoteza kiatu. Nitasahau aje?"

Foleni nzima ikamgeukia. Mtu wa kwetu anaweza kumkana binadamu mwenzake mchana kweupe, lakini ng'ombe akitajwa vibaya mbele yake hawezi kuvumilia.

"Ulizipeleka za nini?" Mellen akauliza, kalamu mkononi.

Kipruto akatazama mlango.

"Jibu karani," mzee Kipkurui akasema.

"Za mahari," akasema, kwa sauti ya chini sana.

"Ya nani?"

"Ya huyu."

Alisaini. Kukataa baada ya kuitaja ile pembe kungemfanya achekwe kila siku ya soko, na huyu ni mtu anayeishi kwa kuuza ng'ombe. Alitoka bila kuniaga. Mellen alinipa cheti kikiwa bado na joto la mashine, nikakisoma nikiwa nimesimama. Rodah Chepyegon, mwanamke. Mleta habari, Nelvine, mke wa marehemu.

Nje nilimfuata mzee Kipkurui nimshukuru. Alikuwa akifunga vifungo vya koti lake la mvua.

"Cheti umepata," akasema bila kunitazama. "Lakini umemvua mzee nguo mbele ya watu."

Akapanda pikipiki akaenda.

Nilifika nyumbani watoto hawajatoka shule. Nilipita kando ya michai hadi kaburini, nikasimama pale na cheti ndani ya mfuko wa nailoni kisilowe. "Wamekuandika mwanamke," nikamwambia. "Ni mimi niliyesema. Nisamehe. Lakini hapa chini bado ni mke wako." Nikangoja, maana Rodah hakuwahi kuniachia neno la mwisho. Kisha nikaingia ndani kuwapikia watoto wake.