Samaki wa Upande Mbaya

Alvin alipiga magoti mbele ya jiwe, akatoa kioo chake cha kukuzia, akakifuta kwa shati, kisha akakunja uso kama daktari wa kwenye runinga. Mzee Shivachi, mwenyekiti wa kamati ya kanisa, alivua kofia.

"Hiki ni kisukuku, mzee," Alvin akasema. "Jani. Limelala humu tangu enzi za dinosaria."

"Jani la mtende!" Mzee Shivachi akapaza sauti. "Kama yale walimtandikia Yesu! Hili linakaa hapa mlangoni. Jumapili askofu mwenyewe atalifunua."

Nilikuwa na karai la mchanga kichwani, nusura nilimwage kwa kicheko.

Mimi na Alvin ni wa Kibera. Tulikuwa na miezi mitatu tukitafuta visukuku, kwa kitabu kimoja cha maktaba kisicho na jalada. Mwanamke wa makumbusho alikuja pale maktabani siku moja akatuambia: leteni kimoja cha kweli, na jina la aliyekipata litaandikwa kando yake. Tangu siku hiyo sikulala vizuri. Alvin yeye alilala fofofo, kwa sababu kwake kila kitu ni kisukuku. Ameshaita kipande cha choo kilichovunjika jino la mamba. Kwenye kopo la majani ya chai, juu ya pamba, amehifadhi ubavu wa mbuzi wenye alama za kisu cha mchomaji nyama. Alvin hatazami, anatangaza.

Mimi nilitafuta kazi hapa Gatina, kwenye kanisa linalotengenezewa baraza, kumbebea fundi mazeras, yale mawe bapa ya kutoka Pwani yanayotandazwa uani. Hupasuka tabaka kwa tabaka kama chapati iliyokandwa vizuri, na kitabu kilisema mawe ya namna hiyo ndiyo ya kuchunguza. Alvin alikuja kunitembelea tu, na kioo chake, na siku hiyohiyo akawa mtaalamu wa kanisa.

Lile jani lake, Mutunga fundi wetu huliita maua. Kila lori la mazeras linayo. Ni maji yenye madini yaliyopita kwenye ufa yakaacha doa. Pitisha ukucha juu yake, haukwami popote, kwa kuwa pale hakuna kitu. Mutunga anajua hivyo tangu akijifunza ufundi Machakos, lakini wateja huyapenda, basi huyaweka mbele na kufunga mdomo.

Langu lilikuwa tofauti. Asubuhi ile nilipasua jiwe nikaona uvimbe wa kahawia, mrefu kama kiganja. Nikalimwagia maji. Magamba yakang'aa safu kwa safu, na mwishoni mkia uliogawanyika mara mbili. Ukucha wangu ulikwama kwenye kila gamba. Nikaliegemeza ukutani, nikamwambia Mutunga asiliguse, nikaenda kuteka maji.

Niliporudi ukuta ulikuwa mtupu.

"Fundi, jiwe langu liko wapi?"

"Jiwe lako? Siku hizi unanunua mawe, Wanzala?" Mutunga akaelekeza mwiko kwenye safu ya tatu ya baraza. "Nimelilaza. Upande wa vipele unakula simiti, upande laini unakanyagwa. Ama ulitaka akina mama wajikwae wakija ibada?"

"Litatoka?"

"Saa hii simiti bado ni uji. Baada ya chakula, sahau. Likishika halitoki zima."

Nikamwendea Mzee Shivachi. Nikamwonyesha ukucha juu ya jani lake, nikamwambia hilo ni doa, la kweli liko chini ya simiti pale, nipe dakika kumi tu. Alinitazama kama mtu aliyeombwa aazime meno yake.

"Wewe kijana mbeba mchanga unataka kutufunza? Huyu mwenzako ana kioo. Wewe uko na nini?"

"Niko na macho, mzee."

"Bro, wacha," Alvin akaninong'oneza, jasho likimtoka puani. "Usiniharibie."

"Fundi, mwambie ukweli," nikasema.

Mutunga aliangalia ndoo yake. "Mzee ameyapenda," akasema. Mtu mzima, mikono kama makasia, na ulimi wa mgeni wa harusi.

Nikachukua mtaimbo.

"Ukiling'oa hilo," Mutunga akasema, "kesho usikanyage hapa."

Nikaling'oa. Lilitoka kwa sauti ya kunyonya, zima zima, likidondosha uji wa simiti. Nikalisugua kwa fulana yangu na maji niliyoyabeba mwenyewe, polepole, huku Mzee Shivachi akiita walinzi ambao kanisa halina. Kichwa kikatokea, kisha mapezi, kisha mkia. Samaki kamili, aliyekufa kabla hajazaliwa mtu yeyote wa kumkalia kamati.

Wote wakainama.

"Samaki?" Mzee Shivachi akasema. "Nikitaka samaki huwa naenda sokoni Gikomba. Toa hiyo takataka hapa."

Akarudi kulipangusa doa lake kwa leso.

Nikafika langoni, jiwe limenilalia kifuani, kazi sina. Alvin akanikimbilia.

"Buda, hiyo ni noma! Tukifika makumbusho tuseme tuliipata pamoja, ama?"

Kutoka Gatina hadi Kibera ni mbali, na jiwe lile lilikuwa zito kwa mtu mmoja. Jiwe likianguka, limekwisha.

"Shika huko," nikamwambia.

"Kwa hivyo jina langu litaandikwa?"

"Wakiuliza nani alibeba."