Kimya cha Getini

Kila asubuhi mchumba wangu Dadan hutoka maabara akiongea kwenye simu ya majaribio, na Rengganis anamfuata, eti kumshikia vifaa. Mimi nabaki na hedifoni masikioni, nikimsikiliza kwa wivu. Wakifika getini, simu inaiacha waifai ya ofisi na kuhamia mtandao wa mtaani, na hapo sauti hukatika kidogo. Kazi yetu hapa Bandung ni kukiondoa kimya hicho.

“Teh Imas, dada yangu, usinune bwana!” Rengganis alinichokoza leo. “Tutakuletea batagor.”

“Batagor kale wewe. Mimi nirudishie mchumba wangu.”

Sikuwaambia kwamba nimebadilisha programu: sasa simu inashika mtandao mpya kwanza, ndipo inauachia wa zamani.

Dadan alienda akitaja vyakula vya mama muuza bakso, kama tufanyavyo tukipima sauti. “Bakso ya yai, bakso ya jibini...” Walipofika getini akaacha kutaja, kwa mazoea, akijua hapo sisikii kitu.

“Vumilia mpenzi,” akamnong'oneza Rengganis. “Imas nitamwacha tukishapata nyumba.”

Kisha, bila haya: “...bakso ya pilipili.”

Bosi wetu, macho kwenye skrini, akapiga makofi. “Imas! Haikukatika hata chembe! Umefanyaje?”

Nikavua hedifoni.

“Inashika mpya kabla ya kuacha wa zamani, Pak. Muulize Dadan. Yeye hata programu hakuhitaji.”