Duara Kwenye Kisahani

Kazi ya kuokota udongo ina aibu yake. Ukimwona mama wa miaka hamsini na miwili ameinama nyuma ya banda la kuku la watu, kijiko mkononi, mfuko wa nailoni kinywani, utamdhania mchawi au kichaa, na Mama Udongo alikwisha kudhaniwa yote mawili. Jina lenyewe alibandikwa na wafagiaji wa maabara. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akileta udongo, anaukoroga na maji, anaudondoshea kwenye visahani vya kuoteshea, kisha anasubiri aone kama kuna bakteria humo wanaoweza kuwaua wenzao. Dawa nyingi za hospitali zilianzia huko huko chini, kwenye ugomvi wa viumbe wasioonekana. Alikwisha kupitisha mifuko elfu mbili na ushee, na kila alichokipata kilikuwa kimepatikana na wengine kabla yeye hajazaliwa. Mvumilivu hula mbivu, wanasema, lakini hawakwambii siku hiyo utakuwa umebakiwa na meno mangapi.

Alikuwa amechoka, basi. Kisha mdogo wake akakanyaga msumari.

Huyo mdogo wake alikuwa fundi cherehani, kitinda mimba wa mama yao, mwenye mdomo mrefu kuliko uzi wake. Kidonda cha unyayo kikavimba, kikatunga usaha, akalazwa. Wodini wakampa dawa ya kwanza, ya pili, hata ya tano, kijidudu kikazimeza zote kikatulia tuli. Kwa ruhusa ya daktari, Mama Udongo alichukua usaha kidogo kwa kijiti cha pamba akaenda kuuotesha maabara, apambanishe kijidudu hicho na bakteria wake wa udongoni. Pembeni aliweka visahani vya kijidudu cha mazoezi. Kila maabara inacho: kipole, hakina madhara, hufa kwa dawa yoyote ile, na kazi yake ni kuonyesha tu kwamba kipimo kinafanya kazi.

Alhamisi asubuhi alifungua kabati la joto akaona duara. Bakteria mmoja wa udongo ameota katikati ya kisahani, na kumzunguka pote ni peupe, hakuna kilichothubutu kuota. Kwenye mfuniko imeandikwa MDOGO WANGU. Aligeuza ndoo, akaikalia.

Maabara ile ilikuwa na sheria yake: kipimo cha kwanza ni uvumi, cha pili ni tetesi, cha tatu ndiyo habari. Yeye ndiye aliyeitunga. Siku hiyo aliisahau. Alipiga picha kwa simu, akatoka mbio na koti lake jeupe hadi wodini.

"Kimekufa!" alimwambia mdogo wake. "Kijidudu chako kimekufa, nimekiona kwa macho yangu!"

Walilia wote wawili, na nesi naye akapangusa macho. Kwamba kutoka kisahani hadi kidonge ni safari ya miaka kumi, na wengi hawafiki, hilo hakulisema. Nani angelisema saa ile?

Ijumaa daktari wa upasuaji alikuja na fomu. Mguu ukatwe chini ya goti kabla sumu haijaingia kwenye damu. Mgonjwa akaisukuma ile fomu.

"Nikatwe ya nini na dawa yangu ipo? Dada yangu ameiona."

Jumatatu kipimo cha pili kilikuwa tayari. Kijidudu cha mdogo wake kilikuwa kimeota hadi kumkumbatia yule bakteria wa udongo, bila hofu wala adabu. Duara lilikuwa kwenye kisahani cha mazoezi. Mama Udongo alivitoa vile vya Alhamisi, akavigeuza juu chini. Chini hakukuwa na maandishi. Siku ya kuotesha ule usaha alitoka wodini bila kulala, akaandika kwenye mifuniko, yeye aliyewapigia kelele wanafunzi miaka yote: andika tumboni, usiandike kofiani, kofia huazimwa! Alipokuwa akivifunika mezani kabla ya kuviingiza kabatini, mifuniko miwili ilibadilishana visahani. Kile alichokililia kwa furaha kilikuwa ni kifo cha kijidudu kinachokufa kila siku.

Angekwenda saa ile ile. Hakwenda. Alijiambia sheria ni sheria, bado kipimo cha tatu.

Mzee aliyekuwa akipika chakula cha vijidudu alimtazama akipanga visahani vipya, akatikisa kichwa.

"Shemeji," alisema, maana ndivyo alivyomwita kwa utani, "hicho unakirudia cha nini? Jibu si unalo?"

"Nahakikisha."

"Unaogopa, shemeji. Unaogopa tu."

Alifunika kisahani kilichofuata. Mzee alisema kweli, naye hakuwa na nguvu hata ya kukasirika.

Jumatano kipimo cha tatu kilisema yale yale ya kipimo cha pili. Alivua koti, akaenda hospitali kwa miguu. Kwenye ukumbi alikutana na daktari wa upasuaji.

"Umeongea naye kuhusu fomu?" daktari aliuliza. "Jumatatu ningekata chini ya goti. Leo asubuhi nimeupapasa mguu, uchafu umepanda. Sasa ni juu ya goti. Kesho sijui nitakwambia nini."

Mdogo wake alikuwa ameegemea mito miwili, macho yameingia ndani, lakini alipomwona alitabasamu.

"Dada, umeniletea?"

"Sijakuletea, mdogo wangu. Hakuna dawa. Nilikosea mifuniko. Kilichokufa si kijidudu chako, ni cha mazoezi, kile kisicho na madhara. Chako kizima. Na hata kingekufa, dawa ingechukua miaka. Nilijua, sikukwambia."

Kitanda cha pili mtu alikohoa.

"Umejua lini kuhusu hiyo mifuniko?"

Angeweza kusema leo. Neno lilikuwa limemjia mdomoni, jepesi kabisa.

"Jumatatu."

"Leo Jumatano."

"Ndiyo. Na daktari anasema sasa ni juu ya goti."

Mdogo wake alishusha macho kwenye shuka, pale goti lilipoinua kitambaa, goti la mguu aliokanyagia cherehani tangu utotoni. Aliweka kiganja juu yake. Akaomba fomu, akaweka sahihi bila kuisoma, akamrudishia nesi.

"Ungeniambia Jumatatu ningebaki nalo," alisema.

"Ungebaki nalo."

Mama Udongo alisimama mwisho wa kitanda, mikono inaning'inia, hajui aende au abaki. Mdogo wake alifumba macho.

"Kaa basi," alisema. "Unasimama kama mgeni."