Pombe ya Tairi Mpakani Chungará

Ijumaa ile nilibeba tani ishirini na nne za lozi za Amazoni, na meli ilikuwa inang'oa nanga Arica, bandari ya Chile, saa mbili usiku. Mwenye lori alishaniambia: meli ikikuacha, na funguo uziache.

Sisi Wabolivia hatuna bahari. Tulikuwa nayo, Wachile wakaichukua vitani zamani za babu wa babu zetu. Tangu hapo kila gunia letu linapita mlangoni kwao, na mwenye mlango ndiye anayeamua utasimama muda gani. Ndiyo maana afisa wa Chile akinichekea, mimi naangalia mikono yake.

Kosa lilikuwa langu. Kila Ijumaa tunamwagia tairi pombe kali, fungu la Mama Dunia, ili mteremko wa kutoka milimani hadi baharini usituue. Mwenye akili humwaga upande wa kwetu wa mpaka. Mimi nilisahau, nikamwaga kwenye foleni yao ya forodha pale Chungará, mbele ya mbwa wao wa kunusa dawa za kulevya. Mbwa akapiga chafya na kurudi nyuma.

"Unamharibia pua makusudi," afisa akasema. "Umeficha nini?"

"Lozi tu."

"Na kwenye chupa?"

"Pombe. Ya ardhi."

"Ya ardhi!" Akacheka. "Basi kunywa nione. Ama tunashusha mzigo wote."

Ilikuwa saa saba mchana. Nikishusha, meli imeenda. Nikinywa, atanipima pumzi na kunifunga kwa ulevi. Nikaona kabisa kwamba huu ni mtego.

Dereva wa lori la nyuma yangu, mzee Nicanor, akaja. "Lete hapa, Wilfredo. Una sura ya mwizi wa mbuzi." Akapiga mafunda mawili, machozi yakamtoka. "Pombe, afande. Mbaya, lakini pombe."

Afisa akanusa chupa, akaleta mbwa mwingine. Mbwa akazunguka lori, hakukuta kitu. Muhuri ukagongwa.

"Na wewe utaendeshaje, mzee?" nikamuuliza Nicanor.

"Nimebeba madini ya bati. Hayaozi. Nalala mpaka kesho."

"Mbona unanisaidia?" Miaka yote alikuwa akilitamani lori langu, na leo angeweza kulipata.

"Ondoka, mpumbavu, kabla hajabadili mawazo!"

Niliondoka. Meli niliikuta. Lakini mteremko mzima, mpaka bahari yao ilipotokea chini, jicho langu moja lilikuwa kwenye kioo cha nyuma, na sikujua namtazamia nani, afisa au Nicanor.