Kelele za Ukumbini

Muuguzi alivaa hedifoni, akafumba macho, akasubiri. Fundi alibaki upande wa pili wa meza akipangusa bisibisi ambayo haikuwa na uchafu wowote. Sehemu hii ya kazi aliipenda kuliko malipo yenyewe: mtu anasikia wimbo aliodhani umeshapotea, na uso wake unarudi ujanani mbele ya macho yako.

Safari hii uso haukurudi popote. Gitaa lilinguruma, ngoma zikaingia, na muuguzi akafumbua macho na kuikodolea kompyuta kama mtu anayechungulia kwa jirani kumtafuta mtoto.

"Mbona kaka hayumo?" aliuliza.

Fundi hakuelewa, kisha akaelewa, na bisibisi ikamtoka mkononi.

Misumari ilikuwa bendi ya roki ya vijana wanne. Walitoa santuri mbili, zote zikiwa zimenyooshwa studio kama shati lililopigwa pasi, na mashabiki wao walisema wazi kwamba Misumari wa kweli walikuwa wale wa jukwaani. Ndiyo maana kaseti zilizorekodiwa kwa kujiiba, redio ikiwa imefichwa ndani ya jaketi, zilitafutwa kuliko hizo santuri. Na katika maonyesho yao yote, hakuna lililozungumzwa kama lile la mwisho, ndani ya ukumbi wa wafanyakazi wa reli, kabla bendi haijasambaratika. Fundi alilikosa. Siku hiyo alikuwa kitandani na homa, akamsikiliza binamu yake akirudi na kusimulia, na tangu hapo alikuwa akisimuliwa tu.

Sasa kanda ya siku ile ilimfuata mwenyewe dukani, ndani ya mfuko wa nailoni, imeota ukungu. Muuguzi aliikabidhi akasema ni Misumari, wakiwa ukumbi wa reli, na asiache kitu. Aliuhamishia utepe kwenye kasha jipya, akaunga palipokatika, akaupiga mara moja tu huku kompyuta ikinakili. Utepe ulimwaga unga wa kahawia njia nzima. Ulipofika mwisho ilibaki plastiki tupu, akautupa. Hilo halikuwa kosa, kanda zilizochoka ndivyo zinavyoishia.

Kosa lilikuja baadaye. Kazi hii fundi alijifunza mwenyewe, kwa kufungua na kufunga, na kila alipoharibu kitu cha mtu alijiwekea sheria. Mojawapo ilisema nakala ya kwanza haiguswi mpaka mteja aridhike. Lakini ndani ya kanda ile kulikuwa na kijana mmoja karibu kabisa na kipaza sauti. Alijitambulisha mwanzoni kabla muziki haujaanza, akakohoa, akatania, kisha akaimba kila wimbo kutoka mwanzo hadi mwisho, chini kidogo ya sauti ya bendi, kama mtu anayeshuka ngazi akikosa kidato kimoja. Fundi alimlaani. Alisema peke yake dukani, "Ndugu yangu, si ungenyamaza tu?" Akaanza kumwondoa, neno kwa neno, pumzi kwa pumzi, kama mtu anayechambua miiba ya samaki. Kazi ilimalizika ikiwa safi mno. Kompyuta ilikuwa imejaa, akaifuta nakala ya kwanza ili aihifadhi hii nzuri. Halafu, kabla mwenye kanda hajaisikia, akaituma kwenye kundi la simu la mashabiki.

Pongezi bado zilikuwa zinaingia. Simu ilitikisika juu ya meza, na fundi akaigeuza kifudifudi.

Muuguzi alieleza taratibu, bila kulaumu. Aliyerekodi ni kaka yake. Mwaka uliofuata alifariki kwa ajali ya lori, na hakuacha sauti yake popote pengine. Mama yao alikuwa anapoteza usikivu. Daktari wa masikio amesema la kulia limeshaondoka na la kushoto linafuata.

"Misumari wenyewe mimi siwajui, fundi. Nimeleta kwa ajili yake. Mama amsikie, angali anaweza."

Hapo ndipo fundi angesema. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Badala yake alisikia mdomo wake ukieleza kwamba hii ni ya majaribio tu, ile yenyewe bado anaishughulikia, apewe wiki.

"Samahani basi," muuguzi alisema akisimama. "Nimekuharakisha bure."

Msamaha ule ulimkaa fundi kifuani kama tonge lisilomezeka.

Mkewe aliligundua kwenye chakula, kwa sababu hakulalamikia chumvi. Akamtoa maneno kidogo kidogo, mwanzoni akitania kwamba hao Misumari wake ipo siku watamchoma. Aliposikia yote, utani ulimwisha.

"Kwa hiyo umemfuta mtoto wa watu," alisema.

"Sikujua."

"Alijitambulisha, baba watoto. Wewe mwenyewe umesema alijitambulisha."

Fundi alisukuma sahani pembeni. Ni kweli alilisikia jina. Alilisikia, akaliwekea alama, akalikata, kwa sababu onyesho huanza na gitaa.

Alijaribu kila programu ya kufufua vilivyofutwa. Zilimrudishia vipande vya harusi za watu na nusu ya hotuba ya mazishi. Yule kijana hakurudi. Ndipo akakumbuka kwamba ukumbini kulikuwa na watu wengi, na pengine siyo jaketi moja tu lililoficha redio. Aliandika kwenye kundi kuuliza nani mwingine alirekodi siku ile.

Kila mtu alijibu, na karibu wote walijibu kitu kingine. Mmoja alikumbuka umeme ulikatika na mpiga ngoma akaendelea gizani peke yake. Mwingine akasema umeme haukukatika kamwe, aliyezima taa ni mlinzi, kwa hasira. Dereva mmoja aliapa mwimbaji alivua viatu akavitupa kwa watu, na kimoja anacho yeye; binamu yake fundi akamwambia kiatu hicho amekuwa akikitaja tangu wakiwa vijana na hajakionyesha hata siku moja, kama ni cha mguu wa kushoto au wa kulia hajui. Walicheka, wakabishana, wakasifu tena nakala safi. Fundi alisoma yote huku roho ikimsuta. Hawa wote walikuwa wakipambana kukumbuka kitu, na yeye, aliyekuwa nacho mkononi, alikiita uchafu.

Mwisho alijibu mwalimu mstaafu wa hesabu, mtu wa maneno machache kundini. Anayo. Lakini haiazimwi, na tena iliharibiwa na mpumbavu mmoja aliyekaa mbele yake.

Fundi alifika kwake siku iliyofuata. Kaseti zilipangwa ukutani kwa mwaka na ukumbi, kila moja imefungwa kitambaa. Mwalimu alimkaribisha chai, akamsimulia kisa kabla hata hajaulizwa, na ilionekana alishakisimulia mara nyingi mahali ambapo watu hucheka. Kijana yule alipiga kelele kila wimbo ulipokwisha, akidai wimbo wa "Kutu", "Kutu", mpaka mwimbaji mwenyewe akamjibu. "Nami nikamziba mdomo. Sikiliza."

Alibonyeza. Wimbo uliisha, makofi yakatanda, na mle ndani, mbali kidogo lakini wazi, ikatoka sauti ambayo fundi aliifahamu kuliko ya jirani yake.

"'Kutu'! Tupigieni 'Kutu'!"

Jukwaani mwimbaji akajibu, "Wewe wa 'Kutu', tulia. Ukituacha hapa itakuja yenyewe." Ukumbi ukacheka, na juu ya kicheko cha wote kikapanda cha kijana yule, kirefu, cha mtu aliyetambuliwa na mfalme wake. Kisha karibu kabisa na kipaza sauti, kwa ukali, akasikika mwalimu: "Kaa kimya wewe! Tumekuja kuisikiliza bendi, siyo wewe!"

Kicheko kilikatika. Wimbo uliofuata ukaanza. Fundi aliomba wasikilize mpaka mwisho, wakasikiliza mpaka mwisho, na hata "Kutu" ilipopigwa, ya kufungia, kijana hakusikika tena.

"Umeona?" alisema mwalimu.

Fundi alimweleza ni nani yule. Hakumlaumu, hakuwa na uso wa kumlaumu mtu. Alieleza pia alichofanya yeye. Mwalimu alikizungusha kikombe kwenye kisahani mpaka chai ikapoa.

"Mwaka uliofuata?"

"Ndiyo, mwalimu."

Mwalimu aliuliza kwa sauti ndogo kama pale pa kukaripia panaweza kukatwa. Ni kipande kidogo tu. Mama wa watu asikie mwanawe anacheka, inatosha, ya nini kumpa na mengine?

Fundi alilitamani lile. Wangekata, na akishakata hapo angeweza kukata na kwake pia: ampe muuguzi sauti ya kaka, amwambie ndiyo iliyokuwemo, basi. Vidole vyake vilijua namna. Ndiyo maana viliogopa.

"Mimi nimeshakata ya kutosha, mwalimu," alisema.

Fundi alimpigia muuguzi simu kwamba kesho yake wangempelekea mama kanda, na kwa kuwa kanda haiazimwi, mwalimu ilimbidi aje nayo mwenyewe, pamoja na redio yake. Alivaa koti.

Muuguzi alifungua mlango, bado kavaa sare ya kazini. Mama alikuwa kwenye kiti cha dirishani, amegeuza sikio la kushoto kuelekea chumbani. Walimwamkia kwa nguvu, akaitikia kwa nguvu zaidi, akauliza huyu ndiye fundi? Fundi alibaki palepale mlangoni. Alijua akiingia na kukaa hatasema.

"Dada, ile siku nilikudanganya. Kanda yenu ilishaisha. Sauti ya kaka niliifuta mimi, kwa mkono wangu, nikidhani ni kelele. Hairudi. Hii tuliyoileta ni ya mwalimu, na kaka yumo kidogo tu."

Macho ya muuguzi yalishuka kwenye mikono ya fundi, yakabaki hapo.

"Siku nzima mama anauliza saa ngapi mnakuja," alisema mwishowe. "Ingieni."

Alimvalisha mama hedifoni kama anavyovalisha wagonjwa, bila haraka, akisogeza nywele. Mwalimu akabonyeza. Wao hawakusikia kitu, waliona uso tu. Mwanzoni ulikunjamana, pengine kwa magitaa. Kisha mama akainua mkono kama anayemzuia mtu asipite.

"Ni yeye," alisema kwa ile sauti kubwa ya mtu asiyejisikia. "Anataka kitu. Hajambo, bado anataka kitu." Akacheka, na kwa kitambo kidogo kicheko chake kikafuatana na kile wasichokisikia. Kisha akanyamaza. "Na huyu anayemkaripia ni nani?"

Mwalimu alisogea, akainama mbele ya kiti hadi uso wake ukawa sawa na wa mama, akajigusa kifua.

"Ni mimi, mama. Nisamehe."

Mama alimchunguza midomo. Alimwelewa.

"Hata mimi nilikuwa namwambia hivyohivyo," alisema. "Kila siku. Asubuhi alikuwa anaanza kabla ya jogoo." Akampigapiga mwalimu begani, asijue amlaumu au amfariji, au pengine hakuwa akimfikiria yeye. "Rudisha nyuma."

Mwalimu alirudisha. Akarudisha tena. Kila mara mama alicheka palepale na kunyamaza palepale.

Muuguzi alimtoa fundi mpaka ukumbi mdogo wa nje, walipoweka viatu. Aliegemea ukuta akakunja mikono.

"Kwenye ya kwetu alikuwa anaimba," alisema. "Niliwahi kuisikia nikiwa mdogo. Nakumbuka anaimba, lakini namna yake siikumbuki. Hiyo ndiyo niliyokuwa naitaka. Ya mama ni ya mama. Hiyo ilikuwa yangu."

"Aliimba zote," alisema fundi.

"Wewe ulimsikia?"

"Siku nyingi. Nilikuwa namtafuta ili nimtoe."

"Basi wewe ndiye wa mwisho kumsikia." Alisema bila hasira, na ingekuwa nafuu kama angesema kwa hasira. "Niambie. Aliimbaje?"

Fundi alianza kueleza. Alisema kaka aliimba chini kidogo ya bendi. Kwamba kwenye "Kutu" aliwahi kuingia, kila mara, kabla ya mwimbaji, akajishtukia, akasubiri. Ubeti wa pili hakuujua, alikuwa anaguna tu mpaka afike kiitikio, na kwenye kiitikio hakuguna, alitoa vyote alivyokuwa navyo, ila kwa kunong'ona. Na kwamba mwisho, kwa sauti ndogo, baada ya bendi kunyamaza, alilirudia neno la mwisho peke yake.

"Sasa ndiyo nini hiyo," alisema muuguzi. "Hayo ni maneno. Imba."

Fundi hakuwa mtu wa kuimba. Hata msibani alichezesha midomo tu. Alitazama vile viatu, akaanza, na ili awe mkweli ilimlazimu aimbe vibaya: awahi, ajishtukie, asubiri, ashuke kidato kimoja chini ya bendi ambayo haikuwepo. Kwenye ubeti wa pili akaguna. Muuguzi alikuwa ameupa ukuta uso. Ndani mama aliagiza kwa sauti kubwa irudishwe tena.

Alipofika mwisho, fundi alilirudia lile neno la mwisho peke yake, kwa sauti ndogo.

"Tena," alisema muuguzi, bila kugeuka.