Mama Aliyekwenda Marambo

Siku Kaimu alipozikwa Nkowe, mkewe Ashura alibaki bila mtu wa kumfasiria filamu za Kihindi kwa Kimwera. Arobaini ilipopita, mdogo wake Safina alikuja kutoka Nachingwea, wakaiweka ile filamu Ashura aliyoipenda kuliko zote.

“Mbaya hii, dada. Mama wa watu anakufa mapema hivi!”

“Hajafa. Kaenda kwa nduguze Marambo, atarudi.”

Safina aliangua kicheko. “Mhindi ana ndugu Marambo, hapa kwetu? Shemeji alikudanganya!”

Ashura alimng’ang’ania mkono huku akilia. “Basi nidanganye na wewe, mdogo wangu. Nakuomba. Sema atarudi.”

Safina alijaribu, akaishia kusema, “Pole, dada.”

Sasa Ashura huiangalia peke yake, sauti akiwa ameizima.