Spidi ya Mikono Minne

Mikanda ya zamani ya kurekodia hunata ikizeeka, na ukiicheza kwa pupa inabanduka na kwenda na wimbo wote. Ndiyo maana Sikio aliipasha kwanza kwenye oveni, moto mdogo, mchana kutwa, ndipo akathubutu kuigusa. Albamu tatu za baba yake, mpiga kinanda na mtunzi wa jazi yenye mdundo wa fanki, zilikuwa zinatolewa upya baada ya miaka thelathini na mitano, na kampuni ilimpa yeye kazi ya kuzisafisha. Si kwa upendeleo. Jina la Sikio alipewa na mafundi wenzake kwa sababu hakuna kasoro iliyompita.

Mbili zilikwenda vizuri. Ya tatu ndiyo iliyomtoa jasho. Albamu hiyo ndiyo iliyompa baba jina la Mikono Minne, kwa kipande kimoja cha dakika nne, cha kasi ya ajabu, ambacho wapiga vinanda wamekifukuza hadi leo bila kukikamata. Jukwaani baba hakukipiga kamwe. Alisema kitu kizuri hakipigwi kila siku, watu wakamwona mtu wa heshima zake.

Hakuna aliyekifukuza kama binti yake Sikio. Tangu akiwa na miaka minane hadi kumi na miwili, kila alasiri, wenzake wakiruka kamba nje, yeye alikuwa kwenye kinanda, santuri ikizunguka pembeni. Baba alisimama mlangoni na neno lake moja: "Bado." Vifundo vya mikono vikavimba, mama akawa anavikanda kwa maji ya moto huku amenuna. Mwisho mtoto akafunga kifuniko cha kinanda na hakukifungua tena. Mtoto wa nyoka ni nyoka, ndugu walisema, ila huyu katoka mjusi. Wakacheka, naye akacheka nao, na ilimuuma mpaka leo.

Sasa ilikuwa saa nne asubuhi, na mtu wa kampuni angekuja saa nane kuchukua kazi. Sikio alikuwa anaondoa mngurumo wa umeme uliojificha chini ya muziki. Kila fundi anaujua. Unatoka kwenye nyaya za ukutani na haubadiliki. Kwenye kila mkanda aliowahi kusafisha, kipimo kilisoma mitetemo hamsini kwa sekunde. Nyimbo nyingine za mkanda huu pia zilisoma hamsini. Kipande cha baba kilisoma hamsini na tatu.

Akabadilisha waya, akapima tena. Hamsini na tatu. Umeme haujui kukimbia, basi uliokimbia ni mkanda. Siku ya kurekodi, mtu alipunguza spidi ya mashine kwa makusudi, ili ikichezwa kawaida muziki utoke wa haraka zaidi, na nusu toni juu kuliko ulivyopigwa.

Akairudisha spidi mahali pake. Kipande kikashuka, kikapumua. Kilikuwa kizuri, Mungu wangu, kizuri kuliko zamani, na kilikuwa cha mtu mwenye mikono miwili.

Akampigia baba simu aje. Mzee alifika na fimbo yake na shati la pasi kali, akidhani ameitwa kusikiliza sifa. Sikio alimwamkia, akampa kiti, akamwekea ile ya kweli. Hata dakika haikuisha, mzee akavua kofia.

"Umejuaje?"

"Umeme, baba."

"Umeme." Akatikisa kichwa. "Watu wote niliwaziba midomo, nikausahau umeme."

Alijaribu kucheka. Sikio hakumsaidia.

"Ulikuwa utani wa fundi," mzee alisema. "Wimbo ulikuwa mzito, akasema tuuchangamshe kidogo. Santuri ikatoka, watu wakaniita Mikono Minne. Ningewaambia nini? Sifa ilinikuta nimekaa, mama, nami sikuinuka."

"Na wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yako ina miaka thelathini na mitano."

"Sema tu, ni haki yako."

"Sikuulizi habari za watu, baba. Nakuuliza yangu mimi. Ulikuwa unasimama mlangoni, unanitazama. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Na ukanyamaza?"

Mzee akaizungusha kofia mikononi. "Kuna siku, ulikuwa na miaka kumi na miwili. Nilikuwa nje, chini ya dirisha, hukuniona. Ulikipiga chote. Sawasawa na nilivyokipiga mimi, tena nusu toni juu, kwa funguo ngumu kuliko zangu, maana ulifuata santuri. Nikasema moyoni, huyu ananipita. Nikaingia ndani..."

"Ukasema bado."

"Nikasema bado."

Sikio aliikumbuka siku hiyo. Ndiyo siku aliyofunga kifuniko. Alitaka kumtoa mzee nje, alitaka kulia, alitaka mama yake awe hai asikie. Alibaki ameshika ukingo wa meza.

"Saa nane wanakuja," alisema hatimaye. "Inatoka ipi?"

"Watasema nimekipiga upya uzeeni."

"Waseme."

Mzee akaiweka kofia mezani. "Toa ya kweli. Lakini kwanza kaa pale kwenye kinanda cha umeme upige nayo. Nikusikie mara moja, mwanangu."

Sikio hakutaka, ila miguu ilimpeleka. Akabonyeza kitufe cha kushusha kinanda nusu toni, ili vidole vipite njia yao ya zamani, akauachia mkanda. Mwanzo vilikwenda vyenyewe, bega kwa bega na vya baba. Mzee akafumba macho. Kisha ikaja kona ya kwanza, vidole vikasita, vikapapasa. Kinanda cha mkanda kikamtangulia hatua moja, halafu hatua kumi. Akajaribu kukidaka mbele, akakikosa. Miaka ishirini na saba ni mingi. Akaweka mikono magotini.

Baba akafumbua macho, akafungua mdomo. Wote wawili walilijua neno lililokuwa linakuja kwa mazoea. Akaliuma, akainamisha kichwa. Hakuna aliyeinuka kuzima mashine, na muziki ukaenda hadi mwisho kwa spidi ambayo mtoto wa miaka kumi na miwili aliiweza.